Kama Huna Kosa, Unaficha Nini?

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), Mjuzi wa yaliyofichika na yaliyo dhahiri, aliyemuumba mwanadamu kutokana na tone dogo la maji, kisha akampa nasaba na ukoo. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, maswahaba zake, na kila anayeifuata njia yao kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Amma baad.

Ndugu zangu katika imani, wa kiume na wa kike. Baada ya darsa ya Alhamisi iliyopita, ndugu yetu mmoja anayesoma sheria alibaki nyuma akauliza: "Ustadh, serikali ikisema kila raia atoe mate yapimwe, na vinasaba vyake, hii DNA, viwekwe kwenye kanzidata ili wahalifu wakamatwe kwa urahisi, Uislamu unasemaje?" Kabla sijafungua kinywa, dada mmoja anayesoma masomo ya maabara akajibu kutoka upande wa akina dada: "Mimi sioni tatizo. Kama huna kosa, unaficha nini?"

Watu walicheka, lakini mimi nilirudi nyumbani na swali lile. Ni swali zuri, na haliulizwi na wajinga. Huulizwa na mama ambaye mtoto wake ameuawa na muuaji hajulikani. Huulizwa na polisi mwema aliyechoka kuona majalada yanafungwa bila jibu. Basi leo tulijibu kwa utulivu, bila hofu isiyo na elimu na bila kushabikia kila kitu kipya. Na mwongozo wetu uwe Surat Yusuf, sura ambayo ndani yake kuna kanzu tatu, gereza moja na hazina moja.

Kanzu iliyochanika nyuma

Nyote mnakijua kisa. Mke wa mheshimiwa wa Misri alimtaka Nabii Yusuf (A.S.), naye akakimbilia mlangoni. Mwanamke akamvuta kwa nyuma, kanzu ikachanika. Mlangoni wakakutana na mume, na papo hapo mwanamke akageuza maneno akamsingizia Yusuf. Hapakuwa na shahidi wa tukio. Neno la kijana mtumwa lilikuwa dhidi ya neno la bibi wa nyumba, na sote tunajua kwa kawaida nani huaminiwa.

Ndipo mtu mmoja wa jamaa za mwanamke akaleta kipimo. Iangalieni kanzu, akasema. Kama imechanika mbele, mwanamke kasema kweli. Kama imechanika nyuma, kijana kasema kweli. Ikaonekana imechanika nyuma. Yamo katika aya ya 26 hadi ya 28.

Wanazuoni wetu, akiwemo Ibn al-Qayyim, wameitumia aya hii kuwa dalili kwamba ushahidi wa ishara, yaani qarina, una nafasi katika hukumu za Kiislamu. Na katika Sahihi mbili, ya Bukhari na ya Muslim, imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) alifurahi pale Mujazziz al-Mudliji, mtu hodari wa kusoma nyayo, alipoiona miguu ya Zayd na mwanawe Usama, iliyotofautiana kwa rangi, akasema miguu hii inatokana wenyewe kwa wenyewe. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba dini yetu inaogopa maabara. Kusoma alama ambazo Allah ameziweka katika mwili wa mwanadamu si jambo geni kwetu.

Sasa tazama faida yake zama zetu. Mwaka 1984, katika Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, mwanasayansi Alec Jeffreys aligundua namna ya kumtambua mtu kwa vinasaba vyake. Miaka miwili baadaye polisi wa eneo hilohilo walikuwa na kesi ya wasichana wawili waliobakwa na kuuawa. Kijana wa miaka 17 alikuwa amekwisha kiri kosa moja. Walimwomba Jeffreys apime. Kipimo kikaonyesha mambo mawili: wasichana wote wawili waliuawa na mtu mmoja, na mtu huyo si yule kijana. Alikuwa amekiri kosa ambalo hakulifanya! Ndugu zangu, mtu wa kwanza kuguswa na elimu hii katika kesi ya mauaji hakuwa mwenye hatia aliyekamatwa. Alikuwa asiye na hatia aliyeachiwa. Kanzu ilichanika nyuma.

Baadaye polisi walichukua damu ya wanaume wapatao 5,000 wa vijiji vile. Muuaji akamshawishi mfanyakazi mwenzake atoe damu kwa jina lake, siri ikavuja, akakamatwa mwaka 1987 na kufungwa maisha mwaka uliofuata.

Kule Marekani, Kirk Bloodsworth alihukumiwa kifo mwaka 1985 kwa kumuua mtoto wa kike. Alikaa gerezani karibu miaka tisa. Mwaka 1993 vinasaba vikathibitisha kwamba siye, akawa mtu wa kwanza nchini humo, miongoni mwa waliowahi kuhukumiwa kifo, kusafishwa kwa njia hiyo. Lakini wapo walioendelea kumnong'ona. Mwaka 2003 alama za eneo la tukio zililinganishwa na kanzidata, likatokea jina la mtu mwingine, ambaye alikuwa amefungwa gereza lilelile kwa kosa jingine. Hapo ndipo minong'ono ilipokoma. Kanzidata ilimrudishia mtu heshima yake, na heshima ya mtu ni katika mambo matano ambayo sheria yetu imekuja kuyalinda pamoja na dini, nafsi, akili na mali. Baadhi ya wanazuoni huitaja pamoja na kizazi.

Basi faida ipo. Anayeikataa hajawahi kukaa na mama aliyepoteza mtoto.

Kanzu iliyomrudishia baba macho

Kanzu nyingine katika sura hii ni ile aliyoituma Yusuf mwishoni. Ilipowekwa usoni kwa baba yake, Nabii Yaqub (A.S.), akaona tena. Mzee aliyelia miaka mingi kwa kutojua mwanawe yuko wapi, akapata habari.

Mwezi Julai 1995, Waislamu wa Srebrenica, Bosnia, waliuawa kwa kiasi cha 8,000, wengi wao wanaume na wavulana. Wauaji waliwazika kwa pamoja, kisha wakarudi na matingatinga, wakaifukua miili na kuitawanya katika makaburi mengine ili kuficha jinai. Mifupa ya mtu mmoja iliweza kupatikana katika makaburi zaidi ya moja. Nguo haikutosha kumtambua mtu, wala sura haikuwepo tena.

Akina mama, wajane na dada zao walijitokeza wakatoa damu. Tume ya Kimataifa ya Watu Waliopotea ikalinganisha damu ya walio hai na mifupa ya waliouawa. Kwa njia hiyo karibu watu 7,000 wametambuliwa kwa majina yao, wakaswaliwa, wakazikwa makaburini Potočari. Kila mwaka tarehe 11 Julai huzikwa waliotambuliwa karibuni. Na ushahidi huohuo ulitumika mahakamani The Hague dhidi ya waliosema kwamba hapakuwa na mauaji.

Zingatieni jambo moja. Damu ile ilitolewa kwa hiari, kwa lengo lililojulikana, kwa chombo kilichoaminiwa. Mama alijua anatoa nini na kwa nini. Shikeni hilo, tutalirudia.

Kanzu yenye damu ya uongo

Kanzu ya kwanza kabisa katika kisa ndiyo inayosahaulika. Ndugu zake Yusuf walimtupa kisimani, kisha wakamletea baba yao kanzu ina damu. Damu ilikuwepo kweli. Kanzu ilikuwa ya Yusuf kweli. Lakini habari ilikuwa uongo. Yaqub hakuikubali, aliwaambia nafsi zao zimewapambia jambo, akashika subira njema.

Hili ni somo kubwa kwa kila atakayefanya kazi maabara au mahakamani. Alama inaweza kuwa ya kweli na kisa kikawa cha uongo.

Mwaka 2007 huko Heilbronn, Ujerumani, askari polisi wa kike aliuawa. Vinasaba vya mwanamke mmoja asiyejulikana vilipatikana pale, na vilevile vilikuwa vimepatikana katika maeneo mengine ya uhalifu huko Ujerumani, Austria na Ufaransa, takriban 40 kwa jumla, toka mauaji mpaka wizi mdogo. Polisi wakamsaka mwanamke huyo miaka. Mwaka 2009 ikabainika kwamba hakuwepo mhalifu wa namna hiyo. Vijiti vya pamba vilivyotumika kuchukulia sampuli vilikuwa vimeguswa kiwandani na mfanyakazi aliyevifungasha. Vinasaba vilikuwa vyake. Dhambi yake ilikuwa kwenda kazini.

Na mwaka 2012 huko California, mtu mmoja alishtakiwa kwa mauaji kwa sababu vinasaba vyake vilikutwa kwenye kucha za marehemu. Alikaa mahabusu zaidi ya miezi mitano. Kumbe usiku wa mauaji alikuwa hospitalini, amelewa hajitambui. Wahudumu wa gari la wagonjwa waliombeba yeye ndio haohao walioitwa baadaye kwenye mwili wa marehemu, nao ndio waliohamisha alama zake bila kujua. Kama hospitali isingekuwa na kumbukumbu nzuri, leo angekuwa wapi? Na jina lake lilipatikanaje haraka namna ile? Kwa sababu lilikuwemo kwenye kanzidata.

Ndiyo maana Baraza la Fiqhi la Kiislamu la Rabita, lilipokutana Makka mwaka 2002, lilisema maneno ya kati na kati. Liliruhusu alama za vinasaba zitegemewe katika uchunguzi wa jinai, na zihesabiwe ushahidi katika makosa yasiyo na hadd wala kisasi. Kwa nini siyo hadd na kisasi? Kwa sababu ya kanuni tuliyoipokea kwamba adhabu hizo huzuiwa panapokuwa na shaka. Alama inaonyesha kwamba kitu cha mtu kilikuwa mahali. Haionyeshi alifikaje, lini, na kwa nia gani. Baraza likausia pia kwamba vipimo visifanywe ila kwa ombi la mahakama, katika maabara zilizo chini ya mamlaka husika, sekta binafsi inayotafuta faida izuiwe, na uwekwe utaratibu makini wa kuzuia udanganyifu na uchafuzi wa sampuli. Kumbukeni, haya yalisemwa miaka saba kabla ya kubainika jambo la vijiti vya Heilbronn.

Gereza baada ya ushahidi

Sasa tufike kwenye aya ambayo, kila nikiisoma, hunisimamisha. Ni aya ya 35. Allah anatuambia kwamba baada ya wakubwa wale kuziona dalili zote za kutokuwa na hatia kwa Yusuf, ikawadhihirikia wamfunge kwa muda. Baada ya kuziona! Ushahidi haukupungua. Kilichopungua ni uadilifu wa walioshika ushahidi.

Hapa ndipo jibu la dada yetu linapoanza. "Kama huna kosa, unaficha nini?" Yusuf hakuwa na kosa wala hakuficha kitu, na bado alilala gerezani miaka. Swali sahihi siyo tu mimi nimefanya nini. Swali ni nani ameshika habari zangu, na kesho atazitumia kwa nini.

Wataalamu wanapotengeneza wasifu wa vinasaba kwa ajili ya polisi, hawasomi kila kitu. Huchagua sehemu chache ambazo vipande vifupi hujirudia idadi tofauti kwa kila mtu. Marekani, tangu 2017, hutumia sehemu 20. Matokeo ni orodha ya namba, na namba zile peke yake hazisemi mengi. Lakini mate au damu yenyewe, ikibaki kwenye jokofu, ina mengine yote: maradhi unayoweza kuyarithi, asili ya ukoo wako, baba yako ni nani hasa. Anayehifadhi namba amehifadhi kitasa. Anayehifadhi sampuli amehifadhi nyumba nzima.

Tazama Xinjiang, kwa ndugu zetu Wauighur. Shirika la Human Rights Watch liliripoti mwaka 2017 kwamba mamlaka zilikuwa zikikusanya vinasaba na alama nyingine za mwili za wakazi wote wa kati ya miaka 12 na 65, sehemu ya kazi hiyo ikifanywa kupitia mpango uliotangazwa kuwa wa kupima afya bure. Watu walikwenda kupimwa shinikizo la damu. Hapo hapakutafutwa mhalifu. Ilikuwa jamii nzima imefanywa mtuhumiwa.

Na tusiseme haya ni ya wasio Waislamu tu. Ijumaa ya tarehe 26 Juni 2015, ndani ya Ramadhani, mtu alijilipua katika Msikiti wa Imam Sadiq, mjini Kuwait, akaua waumini zaidi ya 20 wakiwa katika swala. Allah awarehemu. Kwa uchungu ule, Kuwait ikapitisha sheria ya kumlazimisha kila raia, kila mkaazi na hata mgeni anayeingia nchini kutoa vinasaba. Anayekataa angeweza kufungwa au kutozwa faini kubwa. Nani angethubutu kupinga, damu ikiwa bado mbichi msikitini? Lakini wapo waliosimama, wanasheria wa nchi hiyohiyo, wakaenda mahakamani. Mwezi Oktoba 2017 Mahakama ya Katiba ya Kuwait ikaifuta sheria hiyo kwa kukiuka haki ya faragha na uhuru wa mtu. Waliosimama hawakuwa wakiwatetea magaidi. Waliona kwamba uchungu wa haki unaweza kuzaa sheria ya dhulma.

Karibu na sisi, Kenya ilibadili sheria mwaka 2018 na kuingiza vinasaba miongoni mwa taarifa ambazo ungeweza kutakiwa kuzitoa wakati wa kusajiliwa, ndani ya mpango ulioitwa Huduma Namba. Mmoja wa waliokwenda mahakamani ni jumuiya ya Wanubi, Nubian Rights Forum. Wanubi ni Waislamu wa Kibera, jamaa wa hawahawa Wanubi wa Bombo, Uganda. Babu zao waliletwa kama askari na Waingereza, na kwa vizazi vijana wao wamekuwa wakihojiwa zaidi ya wengine ili tu wapate kitambulisho. Wao waliijua maana ya kupekuliwa asili yako. Tarehe 30 Januari 2020 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamua kwamba kipengele cha kukusanya vinasaba ni kinyume cha katiba. Na Rwanda, mwaka 2019, Waziri wa Sheria alitangaza nia ya kuwa na kanzidata ya vinasaba ya wananchi wote ili kupambana na ubakaji na mauaji. Kwa hiyo ndugu yetu wa sheria hakuuliza swali la vitabuni.

Kuficha na kusitiri

Kuna tofauti kati ya kuficha uovu na kusitiri heshima. Unapofunga mlango wa chumba chako cha bweni huna maana kwamba unapika gongo ndani. Allah katika Surat al-Hujurat, aya ya 12, ametukataza kudhaniana vibaya na kupelelezana. Katika Surat an-Nur ametufunza tusiingie nyumba za watu mpaka tuombe ruhusa na tutoe salamu. Na katika Sunan Abi Dawud, Muawiya (R.A.) amesimulia kwamba Mtume (S.A.W.) aliwaonya watawala kuwa mwenye kuzifuatilia aibu za watu huwaharibu. Kiongozi akimchukulia kila raia kuwa mshukiwa, mwishowe raia huwa kama alivyodhaniwa.

Imesimuliwa kwamba Umar ibn al-Khattab (R.A.), akiwa khalifa, alipita usiku akasikia sauti ya starehe ndani ya nyumba, akaruka ukuta, akamkuta mtu na pombe. Yule mtu akamwambia: Ewe Amiri wa Waumini, kama mimi nimemuasi Allah kwa jambo moja, wewe umemuasi kwa matatu: umepeleleza, umeingia si kwa mlango, na umeingia bila ruhusa wala salamu. Umar akamwacha. Mtu alikuwa na kosa, na bado Umar, kwa haki yake na uchamungu wake, alikubali kwamba njia ya kumpata nayo ina hukumu yake.

Kisha, ndugu zangu, vinasaba si siri yako peke yako. Wazee wetu walisema mchuma janga hula na wa kwao. Mwezi Aprili 2018, huko California, alikamatwa polisi wa zamani aliyekuwa ameua watu 13 na kubaka wanawake wengi katika miaka ya 1970 na 1980. Yeye hakuwahi kutoa vinasaba vyake. Walivitoa ndugu zake wa mbali, wa babu wa babu, waliojiunga na mtandao wa kutafuta koo zao uitwao GEDmatch. Polisi walipanda mti wa ukoo mpaka wakamfikia. Tunamshukuru Allah kwamba wale wanawake walipata haki yao. Lakini jiulize: wale ndugu walipotema mate kwenye kijichupa, walijua kwamba wanatoa habari za ukoo mzima? Mwaka uliofuata mtandao huo ulibadili masharti, polisi wasiruhusiwe kutazama ila wasifu wa aliyekubali mwenyewe.

Unapotoa vinasaba vyako umetoa nusu ya vya mama yako, nusu ya vya baba yako, na sehemu ya vya watoto ambao hujawazaa. Na katika nasaba Uislamu una tahadhari kubwa. Baraza lile la Makka halikuruhusu vinasaba vitumike kuhakiki nasaba iliyokwisha thibiti kisheria, wala vitangulizwe mbele ya liani. Mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa ana heshima yake. Kanzidata isiyo na mipaka inaweza kubomoa nyumba ya mtu kwa jambo ambalo hakuna aliyeliuliza.

Mlinzi na mjuzi

Basi jibu letu ni lipi? Tukatae? Hapana. Tukubali kila kitu? Hapana.

Neno lenyewe, kanzidata, lina kanzi ndani yake, na kanzi ni hazina. Yusuf alipotoka gerezani, jina lake likiwa limesafishwa kwanza, alimwomba mfalme amweke juu ya hazina za nchi. Na akataja sifa mbili katika aya ya 55: kwamba yeye ni hafidh na alim, mlinzi na mjuzi. Mjuzi asiye mlinzi atauza siri. Mlinzi asiye mjuzi atachanganya vijiti. Aliyewahi kufungwa bila kosa ndiye aliyekabidhiwa hazina ya watu, na hakumnyima mtu haki yake, hata ndugu waliomtupa kisimani.

Kwa hiyo, kanzidata ya jinai ambayo Mwislamu anaweza kuiunga mkono kwa moyo mweupe ina mipaka hii. Iwe na alama za waliohukumiwa kwa makosa mazito na alama za maeneo ya uhalifu, si za taifa zima. Sampuli ichukuliwe kwa sheria iliyo wazi na amri ya mahakama. Mtu akionekana hana hatia, alama zake zifutwe. Uingereza, iliyoanzisha kanzidata yake mwaka 1995, ilikuwa ikibaki na alama hata za waliofutiwa kesi. Mmoja wao alikamatwa akiwa mtoto wa miaka 11, mahakama ikamwachia, na polisi wakakataa kufuta. Tarehe 4 Desemba 2008 majaji 17 wa Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, wote kwa sauti moja, walisema huo ni ukiukaji wa faragha. Sheria ikabadilishwa mwaka 2012, na alama za watu zaidi ya milioni 1.7 zikafutwa. Kanzidata haikufa kwa hilo. Inaendelea kukamata wahalifu mpaka leo. Ukisikia mtu anasema haki na usalama haviwezi kukaa pamoja, mkumbushe hilo.

Tena sampuli yenyewe iharibiwe wasifu ukishapatikana. Alama isitosheleze peke yake kumtia mtu hatiani. Mtuhumiwa awe na haki ya kupima tena kwa mtaalamu mwingine. Na anayevujisha siri aadhibiwe, awe karani au waziri.

Wewe na mimi

Haya siyo ya serikali tu. Nyinyi mnaosoma sheria, someni sheria za ulinzi wa taarifa binafsi za nchi zenu. Uganda na Kenya zimezipitisha mwaka 2019, Rwanda 2021, Tanzania 2022, na Tanzania ina sheria mahususi ya vinasaba vya binadamu tangu 2009. Siku mswada ukija, tusiwe watu wa kulalamika msikitini peke yake. Andikeni maoni, nendeni kamati za bunge, nendeni mahakamani kama walivyokwenda Wanubi.

Nyinyi wa maabara, ewe dada yangu uliyeuliza, siku moja jina lako litakuwa chini ya ripoti, na mtu atafungwa au kuachiwa kwa saini yako. Ogopa kanzu yenye damu ya uongo. Andika uliloliona, usiandike ulilotakiwa kuliona. Ukishawishiwa kubadili namba moja, kumbuka gereza la Yusuf.

Nyinyi wa kompyuta, mnaojenga mifumo, jengeni milango yenye kufuli, na muwe watu ambao hata mkiwa na ufunguo hamfungui.

Na sote, tuanze na amana ndogo. Anayefungua simu ya mwenzake wa chumba kwa kisingizio kwamba "kama hana kosa anaogopa nini" hawezi kesho kukabidhiwa hazina ya taifa. Tuna kanzidata zetu mifukoni: picha, meseji, siri tulizoambiwa. Tuziangalie tumezilindaje.

Nilipomjibu dada yetu kwa ufupi siku ile, nilimwambia hivi: siogopi Allah aone, kwa sababu Yeye anaona tayari, na ni Mwadilifu, na ni Mwenye kusitiri. Kiumbe akitaka kuona kama anavyoona Allah, namuuliza kwanza, uadilifu wako uko wapi, na sitara yako iko wapi? Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi Ustadh, kazi hiyo inahitaji watu wenye dini." Nikamwambia, ndiyo maana upo hapa.

Ewe Mola wetu, zisitiri aibu zetu na uzitulize hofu zetu. Wape haki waliodhulumiwa na ambao wauaji wao hawajulikani. Wafungulie waliofungwa bila hatia kama ulivyomfungulia Yusuf. Warehemu mashahidi wa Srebrenica na waumini wa Kuwait, na uwanusuru ndugu zetu wa Xinjiang. Tujaalie tuwe walinzi na wajuzi katika kila tutakachokabidhiwa. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na maswahaba zake wote.

Amin. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.